Chai iliyoshuka bei

Swali lenu la wiki hii, kama ni kodi zilizowafanya walowezi wa makoloni 13 ya Amerika waiasi Uingereza, limenigusa mahali panaponiuma, kwa kuwa niliwahi kushindwa kulijibu mbele ya wanafunzi wangu.

Nimefundisha Historia kidato cha tano kwa miaka mingi, na kila mwaka niliandika ubaoni orodha ile ile: Sheria ya Sukari ya 1764, Sheria ya Stempu ya 1765, kodi za 1767 za Townshend, waziri wa fedha wa Uingereza, Sheria ya Chai ya 1773. Mwaka mmoja binti aliyekaa karibu na dirisha, ambaye mama yake alikuwa na duka la rejareja, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hiyo sheria ya mwisho ilipandisha bei ya chai kwa kiasi gani?" Nikamjibu kwamba iliishusha, maana Kampuni ya India Mashariki, iliyokuwa na shehena kubwa iliyododa maghalani London, ilirejeshewa ushuru wa Uingereza na kuruhusiwa kuipeleka chai yake Amerika moja kwa moja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama akisikia chai imeshuka bei anamshukuru Mungu. Hawa watu wa Boston waliimwaga baharini kwa nini?" Darasa zima likanitazama. Nikaeleza kwamba walowezi hawakuwa na wawakilishi katika Bunge la Uingereza lililowatoza, nikaona usoni mwake kwamba sijamjibu, na kengele ikalia. Wiki nzima nilirudia vitabu. Nilipomrudia, nilimweleza kuhusu chai ya Waholanzi iliyoingizwa kwa magendo, na wafanyabiashara ambao wangekosa soko chai ya Kampuni ikiwa rahisi, na kwamba huko Boston, katika koloni la Massachusetts, miongoni mwa waliokabidhiwa kuiuza walikuwemo wana wa Gavana Thomas Hutchinson mwenyewe. "Basi walikuwa wanatetea biashara yao, Mwalimu," akasema, akayaandika hayo daftarini.

Tangu siku ile nimeshikilia kwamba kodi zilikuwa kisingizio na kwamba kilichowachoma ni sheria za biashara na namna zilivyosimamiwa. Hata Sheria ya Sukari ilipunguza ushuru wa molasi kutoka peni 6 hadi peni 3 kwa galoni. Kilichouma ni kwamba safari hii ushuru ungekusanywa kweli, na mtuhumiwa wa magendo angeweza kupelekwa katika mahakama ya bahari, mbele ya jaji peke yake, bila jopo la raia wenzake.

Lakini ninapoandika haya naona kwamba nilimpa yule binti nusu ya jibu. Mwaka 1770 Bunge lilifuta kodi za Townshend isipokuwa ile ya chai, peni 3 kwa ratili, nayo likaibakiza makusudi ili lisionekane limeiacha haki ya kuwatoza. Haki hiyo lilikwisha kuitangaza kwa sheria mwaka 1766, siku ile ile lilipofuta Sheria ya Stempu, na tangazo hilo peke yake halikuwatoa watu majumbani, kwa kuwa halikumgusa mtu mfukoni. Kodi ya chai iliwagusa. Kila ambaye angeinunua chai ile angekuwa ameikubali haki yenyewe, na urahisi wa bei ndio uliotia hofu kwamba wengi wangeinunua. Ndiyo sababu usiku wa 16 Desemba 1773, muda wa kulipia ushuru chai iliyoletwa na meli ya Dartmouth ukiwa umekaribia kwisha, makasha 342 ya chai yalitupwa majini bandarini Boston.

Kwa hiyo jibu langu, kinyume na nilivyoanza, ni ndiyo: ilikuwa kodi. Hata hivyo naliwekea mpaka, kwani nalitoa kwa ajili ya Boston na bandari nyingine. Maelfu ya wakulima waliokusanyika Worcester, mji wa bara huko Massachusetts, tarehe 6 Septemba 1774 na kuzuia mahakama isifunguliwe walikuwa na jambo jingine. Bunge, likiadhibu umwagaji wa chai, lilikuwa limewakataza kufanya mkutano wa mji zaidi ya mara moja kwa mwaka bila idhini ya gavana, na gavana sasa aliweza kuwateua majaji wao peke yake, bila ridhaa ya baraza lake. Kwa watu wale nisingethubutu kusema kwamba ilikuwa kodi.