Barua kwa mwanangu aliye kaunta ya benki

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza inakuwaje wewe na mwenzako mmeajiriwa pamoja, mnakaa kaunta moja, meneja wenu mmoja na mshahara ule ule, lakini yeye kazi anaipenda na wewe kila jioni unatoka umenuna. Ni malezi, ni elimu, au wewe ndiye mwenye kasoro?

Kasoro huna. Na mshahara wenu si ule ule, hata kama hati za malipo zinafanana. Mwenzako, kwa ulivyonieleza, hana anayemtegemea. Wa kwako unagawanywa kabla haujaingia: ada ya mdogo wako, dawa za baba yako, deni la masomo. Yeye anapanga maisha, wewe unaziba matundu. Watafiti wa kuridhika na kazi wanapouliza kwenye dodoso mtu ana wategemezi wangapi, hilo ndilo wanalolisaka.

Halafu kuna elimu. Mwaka 1996 wachumi Andrew Clark na Andrew Oswald walichambua majibu ya wafanyakazi wa Uingereza, wakakuta kwamba kwa kipato kile kile, waliosoma zaidi hawakuridhika na kazi zao kama waliosoma kidogo. Mimi sishangai. Wewe una shahada ya pili na unahesabu noti. Wanafunzi wenzako uliosoma nao wako makao makuu. Mwenzako ana stashahada, na kwao yeye ndiye wa kwanza kuvaa tai kazini. Kila mmoja anapima kwa alikotoka na kwa anaojilinganisha nao. Clark huyo huyo, mwaka 1997, alionyesha kuwa wanawake wa Uingereza walisema wameridhika kuliko wanaume ingawa walilipwa kidogo, na maelezo yake ni kwamba walitarajia kidogo. Kwa hiyo meneja akijisifu kuwa wanawake wa tawi lake hawalalamiki, usidhani wanatendewa vizuri.

Umri nao umo. Kuridhika hushuka miaka ya mwanzo ya kazi, kisha hupanda taratibu kuelekea kustaafu. Wewe uko kwenye mteremko.

Lakini ninachokiona zaidi kwako ni saa ya kufunga hesabu. Nimekaa kwenye kiti hicho, nakijua. Mlango umefungwa, wateja wameondoka, unafunga mabunda, unamwaga sarafu, unalinganisha na mfumo, na kuna upungufu. Mnarudia vocha moja moja. Mwenzako anapiga soga huku akitafuta. Wewe jasho linakutoka hata kabla hujajua kosa ni la nani. Umelelewa katika nyumba ambayo hela ikipotea ilikuwa kesi ya wiki nzima, na sisi ndio tuliokulea hivyo. Malezi hayo yamekufanya keshia mwaminifu na makini. Ndiyo hayo hayo yanayokufanya ulale na ile tofauti kichwani wakati mwenzako ameshaisahau.

Hata hivyo, usikubali kila kitu kiwekwe kwenye malezi yako. Lengo la kufungua akaunti linalopandishwa kila robo mwaka, bila mtu kuuliza kama wateja wapo, halikutoka nyumbani kwetu. Kupewa karipio mbele ya foleni ni ubovu wa uongozi, na mwenzako asipokereka haina maana kwamba ni sawa. Kuna waajiri wanaopenda sana kusikia kwamba mfanyakazi asiyeridhika ana matatizo ya kwao, maana hapo wao hawana cha kurekebisha.

Ile nafasi ya afisa mikopo uliyoitaja, iombe. Huko utatumia ulichosomea, na upungufu wa jioni utakuwa si wako tena. Ila kabla hujatia saini, uliza lengo la mwezi ni kiasi gani, na mkopo ukigeuka chechefu, yaani mkopaji asipolipa, anayebanwa ni nani. Waombe wakujibu kwa maandishi, kisha uniletee nisome.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako