Rafiki yako akikuomba kura Steam, mpigie simu kwanza

Kisu changu kiliibiwa Ramadhani ya 2024, usiku baada ya tarawehe, nimekaa zangu darini kwa ami yangu hapa Langoni, Lamu, na laptopu mapajani. Nazungumzia kisu cha kwenye gemu, skini (pambo la silaha) ya Counter-Strike 2, gemu la risasi tunalocheza kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni ambapo wachezaji pia hubadilishana vitu, lakini nilikua nimekiwekea pesa kidogo kidogo miaka miwili, hela za kubeba mizigo ya wageni pale jeti na za kufundisha watoto kompyuta, na wakati ule kilikua chaenda kama shilingi 22,000. Kwa iyo mtu akiniambia "ah, si picha tu" huniuma sana.

Watu wengi wanadhani tapeli atakuja na jina geni. Mimi alinijia na jina la rafiki yangu wa Shela, mtu tumecheza pamoja miaka mitatu. Meseji kwa kiingereza, eti timu yake iko mashindanoni nimsaidie kura moja, na linki chini. Nikabonyeza. Kumbe akaunti yake ilikua ishaibiwa siku 2 kabla, na mwenyewe yuko Kiwayu mtandao unamsumbua hana habari. Na alama ilikuepo wallahi, sisi miaka yote twaandikiana Kiswahili, tena Kiamu, leo kiingereza cha nini? Hilo tu lilitosha kunizuia na sikulitia maanani. Siku hizi mtu akinitumia linki, hata awe ndugu yangu, namwambia nitumie voisi ama nampigia, na asiposhika nasubiri, hakuna kura ya kufa na kupona.

Sasa ile tovuti. Ilikua na kitufe cha kuingia kwa Steam, ukibonyeza chafunguka kidirisha, juu kimeandikwa steamcommunity.com na kikufuli kando. Mimi nikaangalia anwani vizuri kabisa kama tunavyoambiwa, nikaona iko sawa, nikatia paswadi na namba za Steam Guard, zile za usalama zinazotoka kwenye simu. Lakini lile halikua dirisha, ni mchoro tu umechorwa ndani ya ukurasa, na ile anwani ni maandishi ya kupaka, waweza kuandika chochote pale. Ukitaka kulijua lishike na mausi ulivute mpaka nje ya ukingo wa brauza. La kweli litatoka lielee juu ya deskitopu, la uongo litakwama pale ukingoni haliendi popote. Alafu kitu kingine, kama kwenye brauza hiyo hiyo ushaingia Steam, ukurasa wa kweli haukuulizi paswadi tena, wakuonyesha jina lako na kitufe basi. Ukiulizwa paswadi wakati umeshaingia, funga uondoke. Na ukiambiwa uskani QR na simu ni mambo yale yale.

Siku ile hawakuchukua kitu, na hapa ndo wengi tunapotea. Tovuti ikaniambia asante kwa kura, nikasahau. Siku 4 baadae nikapatana na jamaa wa Malindi anunue kisu, nikamtumia ofa ya kisu ndani ya Steam, simu ikaniletea ya kuthibitisha, jina lake, picha yake, nikakubali. Dakika 5 hazijaisha ananiuliza mbona ofa umeighairi? Nilihisi tumbo limekua baridi.

Walichokua wamefanya ni kusajili ufunguo wa API kwenye akaunti yangu, yaani namba ya siri inayoiruhusu programu kuifikia akaunti. Kwa huo ufunguo programu yao ilikua yaona kila ofa ninayotuma, nikituma tu wanaighairi, akaunti yao yajibadilisha jina na picha ifanane na mnunuzi, kisha ofa mpya yatumwa kwao. Kilichobaki ni kidole changu. Akaunti ya yule wa Malindi ni ya 2016, ile iliopokea kisu ilikua imefunguliwa mwezi ule ule, na tarehe hiyo simu yakuonyesha kabla hujakubali, pamoja na levo (kiwango) ya akaunti. Isome, kila mara, hata kama una haraka ya futari.

Ukihisi umeingia mtegoni, paswadi peke yake haitoshi. Futa ufunguo wa API (mchezaji wa kawaida hauhitaji kabisa, ukiukuta pale na hukuutengeneza wewe jua kuna mtu), toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, badilisha paswadi, na utengeneze linki mpya ya tredi (ile anwani watu hukutumia ofa za kubadilishana vitu). Fanya hayo kwa kifaa kingine ikiwa una wasiwasi na laptopu yako.

Tangu Julai 2025 kuna nafuu, vitu vya Counter-Strike 2 vikitrediwa vinakaa na ulinzi wa siku 7 na ukiibiwa unaweza kuvirudisha, ila zinarudi tredi zote za siku hizo 7 na unafungiwa kutredi siku 30. Mimi haikunikuta hiyo. Lakini jueni hilo linakata pande mbili: ukinunua kwa mtu ukamtumia pesa kwa M-Pesa, naye akarudisha kisu siku ya sita, pesa keshakula. Nunua kwa mtu unaemjua kwao.

Na nikishatangaza nimeibiwa, walinijia wengine wawili, mmoja anasema ni mfanyakazi wa Steam. Wafanyakazi wa Steam hawakufuati kwenye chati kukuomba kitu. Hao huja wakijua una uchungu.

Weka skrinishoti zote. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kosa la kumhadaa mtu kwa tovuti ama meseji ya uongo atoe siri zake lina faini mpaka shilingi 300,000 ama kifungo mpaka miaka 3, ama vyote viwili, hata kama mwizi yuko nchi nyingine ripoti yako inabaki.

Rafiki yangu wa Shela alirudi na mashua siku ya tatu baada ya kisu kuibiwa, akaja moja kwa moja kwetu kuomba radhi, na mimi sikua na la kumsamehe, yeye pia kaibiwa. Tulikaa mpaka daku tukiwapigia simu mmoja mmoja wote walio kwenye orodha zetu, wawili walikua washabonyeza. Mmoja tukamuwahi, skini zake bado ziko.