Kanda za Kumi Bora: Usimkate Mtangazaji

Tulipogusia katika safu hii vipindi vya kumi bora, vile vya redio vinavyohesabu nyimbo kumi zinazopendwa kutoka namba kumi hadi namba moja, barua zilizotufikia kutoka Mtwara na Lindi zilizidi za mikoa mingine yote. Hatushangai. Kabla Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, masika ikikaza njia ya kusini ilikuwa inakatika, na kanda mpya kutoka Dar es Salaam zilifika zinapofika. Redio haikungoja kivuko. Tumezifupisha barua na kuondoa majina.

Shikamooni wahariri. Nina kaseti kumi na nne ambazo marehemu baba alirekodi kumi bora redioni. Zilikaa kwenye sanduku la bati, na nyingine zina unga mweupe ndani. Nataka nyimbo ziingie kwenye simu. Nianzie wapi? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba. Anza kwa kutozicheza. Unga huo ni kuvu. Ukibonyeza kitufe cha kucheza utahamia kwenye hedi (kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe) na njia ya utepe, na kila kaseti itakayofuata itauchukua. Sanduku la bati hapo pwani ni kosa la kawaida sana: mchana linapata joto, usiku linapoa, na unyevu unabaki ndani kama jasho.

Zenye unga zitenge na zilizo safi. Zitie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti sita kwa kaseti tano, siku saba hadi kumi. Tumia vipya, maana vya zamani vimeshashiba. Mchele ambao watu hushauriana unaacha vumbi, na jua linapinda gamba la kaseti, kwa hiyo yote mawili yaache. Baada ya hapo toka nje ya nyumba, vaa barakoa, chomeka kalamu ya Bic yenye pembe sita kwenye tundu la gurudumu, uzungushe taratibu huku utepe ukipita kwenye kitambaa laini kikavu kisichotoa nyuzi. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 una utepe wa mita 130 na zaidi, basi usianze kazi hii wakati una haraka.

Sasa geuza kaseti uangalie mgongo wake. Pembeni kuna vijimeno viwili vya plastiki. Vivunje. Kijimeno kikiwepo redio inakubali kurekodi, na kidole kimoja kikikosea kitufe, dakika nzima ya mwaka 1984 imekwenda. Ukikuta tundu limezibwa kwa selotepu au karatasi ya gundi, bandua. Hiyo ni alama kwamba mzee alinunua kaseti yenye kitu kingine akarekodi juu yake.

Redio kaseti yenyewe isafishwe kabla ya kila kaseti mbili au tatu. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti isiyo na rangi, ya asilimia 90 au zaidi, usugue hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe mpaka pamba itoke nyeupe. Spiriti ya zambarau ya jiko usiiguse. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwa sababu spiriti hukausha mpira. Sauti ikiyumba kama mlevi, mkanda wa ndani umelegea. Fundi redio aweke mkanda wa kipimo chake, asikuwekee rababendi ya kufungia noti.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Kaseti ikichezwa kwenye mashine tofauti na iliyoirekodi, hedi zinaweza kuwa zimeinama kwa pembe tofauti, na sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Kando ya hedi kuna skurubu mbili, na moja ina springi. Hiyo yenye springi iwekee alama ya rangi ya kucha ilipo sasa. Cheza kaseti, zungusha skurubu kidogo sana, isizidi robo mzunguko kila upande, ukisikiliza matoazi na herufi s ya mtangazaji. Kuna mahali sauti itafunguka ghafla. Simama hapo. Ukimaliza kaseti hiyo, rudisha skurubu kwenye alama.

Kuchomeka redio moja kwa moja kwenye simu ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Tundu la simu linapokea sauti ndogo ya kipaza sauti, na sauti ya redio inaingia na nguvu kubwa mno, basi inapasuka. Tumia kompyuta. Ikiwa na matundu mawili, la buluu ndilo la kuingizia sauti ya namna hii, na la waridi ni la kipaza sauti. Kama lipo moja tu, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye sehemu ya kuingizia. Waya ni wa jeki ya milimita 3.5 pande zote. Programu ya Audacity ni ya bure. Weka 44,100 Hz, biti 16, na sauti ya juu kabisa isivuke -6 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, hula takriban megabaiti 635 kwa saa ikiwa stereo, nusu yake ikiwa mono, na kilichotoka redio ya masafa ya kati (AM) kilikuwa mono. Hata hivyo rekodi stereo, kisha sikiliza kushoto na kulia na ubaki na upande ulio msafi. Nakala ya MP3 ya kuweka kwenye simu itengenezwe mwishoni, kutoka kwenye WAV.

Umesema unataka nyimbo. Nyingi ya nyimbo hizo huenda utazikuta kwingine zikiwa safi kuliko zilivyo kwenye kaseti ya mzee. Kisichopatikana kwingine ni kile unachofikiria kukikata: mtangazaji akisema wimbo umeshuka nafasi mbili, salamu za kadi kutoka Liwale, tangazo la sabuni. Hifadhi upande mzima wa kaseti kama faili moja bila kukata, na vipande vya nyimbo viwe nakala ya pembeni. Maneno hayo ndiyo pia yatakayokupa umri wa kanda. Mtangazaji akiita bendi ya chama cha wafanyakazi JUWATA Jazz badala ya jina lake la zamani, NUTA Jazz, uko mwisho wa miaka ya 1970 au baadaye. Akiiita OTTU, jina lililofuata, umeshaingia miaka ya 1990. Bendi ya Mlimani Park ikitajwa, si kabla ya 1978. Na ukisikia jina la kituo binafsi cha hapa nchini, kanda hiyo haitangulii sheria ya utangazaji ya 1993, kwa maana kabla yake Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania peke yake.

Habari zenu. Kanda zetu za kumi bora zinaimba haraka, waimbaji wanasikika kama watoto. Redio ni nzima, kanda nyingine zinacheza vizuri. (Msomaji, Newala)

Salama, ndugu. Ni betri. Wakati wa kurekodi mawe yalikuwa yamechoka, mota ikavuta utepe polepole kuliko sentimita 4.76 kwa sekunde zinazotakiwa. Leo unacheza kwa mwendo kamili, basi kila kitu kinapanda.

Tafuta wimbo mmoja wa kwenye kanda ambao unao pia kwenye CD au nakala nyingine unayoiamini. Pima kipande kilekile, tuseme toka gitaa la kwanza mpaka linapoanza chemko, ile sehemu ya kuchezwa baada ya mashairi. Nakala nzuri ikisema sekunde 180 na kanda yako ikisema 171, gawa 171 kwa 180, utapata 0.95. Kwenye Audacity tumia kibadilisha kasi kinachogusa mwendo na kimo cha sauti kwa pamoja, uandike 0.95. Ukitumia kile cha mwendo pekee, wataimba taratibu lakini bado kwa sauti ya watoto.

Mitego ni miwili. Baadhi ya bendi zilirekodi wimbo uleule zaidi ya mara moja, studio ya redio na baadaye kwa ajili ya sahani za santuri, kwa hiyo hakikisha unalinganisha rekodi ileile. Na betri huisha kadiri kipindi kinavyoendelea, ndiyo maana namba kumi inaweza kuwa karibu sawa na namba moja ikawa mbio. Kata nakala yako vipande vya dakika kumi kumi, upime kila kimoja.

Sauti kwenye kanda zangu inakuja na kuondoka kama mawimbi ya bahari, na inapoondoka inakwaruza. Inarekebishika? (Msomaji, Nachingwea)

Kwa sehemu tu. Kipindi kilirekodiwa usiku kwenye masafa ya kati. Jua likizama, tabaka la chini la anga linalomeza masafa hayo mchana hutoweka, na mawimbi yanaruka juu na kurudi ardhini mbali sana. Yakikutana na yale yanayotambaa ardhini, mara yanasaidiana, mara yanauana. Sauti iliyopungua unaweza kuipandisha kwa mkono, sekunde kwa sekunde. Ile iliyokwaruza imeharibikia angani kabla haijafika kwenye kanda, iache ilivyo. Kiondoa kelele kikizidishwa kinafanya mtangazaji asikike kama yuko ndani ya pipa la maji: punguza 6 dB, usifike 20.

Tuko kwenye redio ya jamii. Tunataka kurudisha kumi bora ya zilipendwa, saa moja, kila Jumamosi saa tatu usiku. Wiki mbili za majaribio hatukuwahi kufika namba moja. Tunakosea wapi? (Wasomaji wawili, Masasi)

Ndugu zetu, hesabu ndiyo iliyowaangusha. Kumi bora ni mtindo uliokua na nyimbo fupi. Kipindi mashuhuri cha Marekani, American Top 40, kilipoanza tarehe 4 Julai 1970 na Casey Kasem, kilipitisha nyimbo 40 kwa saa tatu, yaani dakika nne na nusu kwa kila nafasi, matangazo na maneno yakiwemo. Nyimbo ziliporefuka, mwaka 1978 kikaongezwa kuwa cha saa nne. Na hizo bado zilikuwa fupi. Wimbo wa dansi wa kwetu wa dakika saba ni wa kawaida kabisa: mashairi kwanza, kisha chemko, ambapo magitaa yanaongea na wachezaji wanaamka. Kumi mara saba ni sabini. Saa imeshakwisha na hamjasema hata "karibuni".

Ukitoa dakika 5 za habari na 8 za matangazo, mnabaki na 47. Tunawashauri mfanye nane bora. Namba nane hadi tano zipewe dakika mbili na nusu kila moja, mkizififisha polepole mwisho wa ubeti. Hizo ni dakika 10. Namba nne hadi moja zichezwe nzima, dakika 28 kwa wastani wa saba. Maneno ya mtangazaji yawe sekunde 45 kwa kila wimbo, yaani dakika 6. Jumla 44. Tatu zinazobaki ni za salamu, na msizile. Msikate katikati ya chemko hata siku moja. Afadhali wimbo usichezwe kuliko kumkatia mtu pale alipokwishasimama kucheza. Kama lazima iwe kumi, ombeni saa mbili.

Kura za ujumbe mfupi: namba moja ya simu, kura moja kwa wiki, mwisho Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Wizi wake unafahamika. Mshabiki mmoja ana laini nne, au wanakijiwe wanatumana dakika ileile. Ukiona kura ishirini za wimbo mmoja zimeingia ndani ya dakika mbili zikiwa na maneno yaleyale hadi kosa la herufi, ziweke kando mzikague. Zikifungana, wimbo uliokuwa chini wiki iliyopita ndio upande. Msikilizaji anapenda kusikia kitu kimesogea. Amri hiyo itangazwe hewani mapema, kabla ya ugomvi.

Tatizo kubwa la zilipendwa ni kwamba orodha haisogei. Nyimbo mpya hazizaliwi, basi wiki ya tano mtakuwa na nane zilezile. Wimbo uliokaa wiki sita upumzishwe wiki kumi na mbili, na kila Jumamosi mfungue mlango kwa nyimbo tatu za mwimbaji, bendi au mwaka mmoja. Marijani Rajabu wiki hii, Vijana Jazz wiki ijayo. Na kila kipindi kirekodiwe chote, mtangazaji akiwemo. Mmeona wenzenu wa Mikindani na Newala wanavyohangaika.

Nikishasafisha kanda, naruhusiwa kuziweka mtandaoni? (Msomaji, Lindi mjini)

Kusikiliza nyumbani ni jambo moja, kusambaza kwa umma ni jingine. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi, waimbaji na kituo kilichotangaza, na umri wa kaseti haukupi ruhusa. Anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, uulize wenye haki ni akina nani. Wakati unasubiri jibu, weka nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine, na kaseti zenyewe usizitupe. Zisimamishe wima kwenye rafu ya mbao, mbali na spika.