Nyongo ya Mwenzio Haijakatika

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakuitikia. Unasema uliingia chumbani usiku bila kubisha hodi, mwenzio wa Kituruki akapiga ukelele: "Ödüm koptu!" Simu ikakufasiria "nyongo yangu imekatika", ukaingiwa na wasiwasi. Usimpeleke hospitali. Umemshtua tu, kama sisi tunavyosema roho imeniruka.

Öd ni nyongo; kopmak ni kukatika, kama kifungo cha shati kinavyokatika. Wengine husema ödüm patladı, nyongo imepasuka. Maana ni ileile.

Lakini kwa nini nyongo? Mkumbuke bibi yako akitengeneza kuku: kidole anakipitisha chini ya ini, anakibandua kile kifuko cha kijani polepole, hasemi na mtu, maana kikipasuka nyama yote inakuwa chungu. Mababu wa Waturuki walikuwa wafugaji huko Asia ya Kati, watu wa kuchinja kondoo. Walijua kwa mikono yao jinsi kifuko hicho kilivyo chepesi kupasuka, na mimi naona usemi umeanzia hapo, machinjoni.

Tena hawako peke yao. Wauzbeki, ambao lugha yao ni ndugu ya Kituruki, nao husema nyongo imepasuka mtu akiogopa sana. Waajemi vilevile. Wachina humwita mwoga mtu wa nyongo ndogo, na jasiri mtu wa nyongo kubwa. Huko kote ujasiri unakaa ndani ya kifuko kile, kikitoboka, umekwisha. Kwetu nyongo ni ya hasira: mtu akimwaga nyongo, ujue ametoa ya moyoni.

Utasikia wanaomtaja Galen, tabibu aliyezaliwa mwaka 129 huko Pergamon, ambayo leo ni Bergama, kaskazini ya Izmir, huko Uturuki. Kweli alifundisha kwamba mwili unaendeshwa na damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na tabibu Ibn Sina akayaendeleza hayo kwenye Qanun, kitabu chake cha utabibu. Ila nyongo ya njano ya matabibu hao ilihusu zaidi ukali wa tabia, kwa hiyo sioni kama usemi huu ni wao.

Kitabibu, hofu inatoka kwingine. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio. Kifuko cha nyongo wakati huo hulegea tu, hakina habari.

Nawe utumie. Ukiwaogopa mbwa wa mitaani, sema "Köpeklerden ödüm kopuyor." Aliyekushtua mwambie "Ödümü kopardın!" Ila neno ödlek, lililotoka kwenye öd hiyohiyo, usimwambie mtu hata kwa utani mpaka mzoeane sana. Maana yake ni mwoga, na vijana wa huko hawalimezi.

Babako