Maswali ya Wasomaji: Kuna nini Ziwa Ngozi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na mume wangu tutakuwa likizo mwezi Agosti na tunatamani kuliona Ziwa Ngozi, lakini tumeambiwa kwamba huko mtu hutazama tu na kurudi. Je, safari yote hiyo ina faida? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nendeni, ila msiende kwa haraka. Ziwa hilo limo ndani ya kasoko ya volkano katika Milima ya Poroto, mkoani Mbeya, na raha yake huanza kabla halijaonekana, kwa kuwa kutoka barabara ya Mbeya hadi Tukuyu mtapita mashambani, kisha mtapanda kwa miguu katika msitu wa mianzi na migomba ya porini wanamoishi mbega. Kipande cha mwisho ni kikali. Chukueni kijana wa kijijini awaongoze.

Mkifika ukingoni, ketini angalau saa nzima, maana ukungu hulifunika ziwa na kulifunua, na maji hubadilika rangi kadiri jua linavyosogea. Sishauri kuteremka hadi majini, kwani kuta za kasoko zimesimama wima. Agosti ni kiangazi, hivyo njia haitelezi sana, lakini baridi yake sisi wa Pwani huidharau: bebeni masweta mazito. Siku ya pili tazameni Daraja la Mungu, daraja la mwamba wa asili juu ya Mto Kiwira.