Mja mzito na sumu za mjini: vitamini hufika wapi?

Vitamini C haiondoi madini ya risasi mwilini. Tuanze na hilo, kwa sababu mama mwenye mimba changa na hofu ya moshi, rangi na vumbi huuziwa kwa urahisi kopo la vidonge vya miligramu 1,000 akiambiwa vitamsafisha damu.

Risasi, zebaki na moshi wa mkaa vikiingia mwilini huzalisha chembe kali zinazoshambulia kuta za seli. Vitamini E, inayokaa kwenye mafuta ya kuta hizo, huzituliza. Vitamini C huirudishia E nguvu ikishatumika. Madhara hupungua, ila sumu yenyewe imebaki ndani. Na dozi kubwa za C na E pamoja zimeshajaribiwa kwa waja wazito ili kuzuia kifafa cha mimba, hazikufaa kitu.

Kwa hivyo kula chakula. Mahitaji ya vitamini C ni kama miligramu 85 kwa siku: pera moja lililoiva au machungwa mawili yanatosha. Unga wa ubuyu mweupe uliokorogwa kwa maji baridi pia ni mzuri, lakini si yale mabuyu mekundu ya mtaani yaliyopikwa kwa sukari na rangi. Mchicha ukichemshwa na maji yakamwagwa, vitamini C nayo imemwagwa. Uoshe kwanza, ndipo uukate, kisha uupike dakika chache ndani ya tui. Mafuta ya nazi huusaidia mwili kufyonza karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Vitamini E iko kwenye karanga na mafuta ya alizeti. Ini la ng'ombe lipunguze sana, hasa miezi mitatu ya kwanza: gramu 100 tu zina vitamini A kupita maradufu ya kiwango cha juu cha siku, mikrogramu 3,000, na ikizidi yaweza kumlemaza mtoto.

Wengi hupitwa na jambo lenye uzito zaidi: chuma na kalsiamu. Utumbo uliopungukiwa na madini haya hufyonza risasi kwa wingi. Tena mtoto anapotaka kalsiamu na mama hana ya kutosha, mwili huichota kwenye mifupa ya mama, na risasi aliyoivuta miaka mingi nyuma imehifadhiwa humo humo. Hutoka pamoja, ikavuka kondo la nyuma. Ndiyo maana aliyelelewa Owino Uhuru, kule Mikindani, Mombasa, asijione salama eti kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilifungwa 2014.

Kidonge cha kliniki chenye miligramu 60 za chuma na folik asidi kimezwe kwa maji ya chungwa. Chai ya maziwa ingoje saa moja au mbili, maana huzuia chuma kufyonzwa. Vidonge vya kalsiamu, ukipewa, vimeze wakati mwingine kabisa, kwani navyo hugombana na chuma. Ukitafuta kalsiamu ya bei nafuu, kula dagaa na miiba yao.

Kisha ziba milango ya sumu. Udongo wa kutafuna uache hata kama hamu inakusumbua. Waweza kuwa na risasi, na pia huzuia chuma. Wanja wa unga usiojulikana umetengenezwa na nini, weka kando, vilevile krimu za kujichubua, ambazo baadhi zina zebaki. Piko usijipake; hina ya majani matupu yatosha. Papa, nduwaro na sulisuli hukusanya zebaki kwa kuwa ni samaki wakubwa walao wenzao. Chukua tafi, changu au vibua. Mume akiwa fundi wa betri au mpaka rangi, nguo za kazi avulie nje na zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu, vumbi lisipande. Jiko la mkaa liwashiwe nje na kamwe lisilale chumbani.

Ikiwa umeishi au kufanya kazi karibu na betri, omba kupimwa risasi kwenye damu mapema. Kiwango kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, kazi ya kwanza ni kutafuta inakotoka na kukutenga nayo. Kalsiamu na chuma huongezwa kama lishe ni duni. Dawa za kuondoa risasi mwilini zina madhara yake, na ni daktari pekee wa kuziamua.