Idris hakujitakia jamani
Kaka, unaposema mchekeshaji Idris Sultan alijitakia mwenyewe kuitwa polisi mi sikubaliani kabisa. Jamaa katoka kwenye shindano la TV la Big Brother Africa 2014 na dola laki 3, angeweza kukaa kimya ale hela zake, ila kapanda jukwaani kuchekesha watu, halafu 2019 kwenye bethidei ya Magufuli, rais wa wakati huo, kabadilisha sura tu pichani, yake kwenye kiti cha rais, ya rais kwenye mwili wake, ndo akaitwa polisi! Huku kwetu Tanga mtani anakuja msibani anamuigiza hadi marehemu mwenyewe na wafiwa wanacheka, hakuna anayenuna. Wanaotukana wazazi wa watu Insta ili wapate folowazi hao wakemee, tena nitakusaidia, ila huyu alimtukana nani?